Farasi wa Barabara ya Makere

Najua mtasema, Mama Farasi ameanza tena. Semeni. Hili sikusimuliwa na mtu; lilinipata mimi mwenyewe, asubuhi kumekwisha kucha, na akili zangu timamu.

Mama Farasi ni jina nililopewa na watu wa Kasulu, wala sikatai. Nilipokuwa mtoto kule Kabanga, baba alikuwa akikata majani kwa mzungu mmoja mzee mwenye shamba, na mzungu huyo alikuwa na farasi jike. Alikuwa mwekundu kama ng'ombe, ndiyo maana baba akamwita Gaju, jina la ng'ombe wa rangi ile. Watoto wenzangu walimkimbia. Mimi nilitoroka jikoni nikaenda kumkuna shingo, na mzungu akilala mchana nilimpanda Gaju bila tandiko, nimeshika manyoya yake, tukazunguka mibuni. Mbung'o walimuua kabla sijavunja ungo. Nililia mpaka mama akauliza, "Wewe, umefiwa na nani?" Toka hapo sijapona. Kalenda yenye picha ya farasi niliiomba dukani hata kama mwaka wake umekwisha. Mume wangu alizoea. Wageni ndio walioshangaa kuta zetu.

Basi ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi wanaingia kwa wingi, na biashara ya vitenge imechangamka. Mimi na wifi yangu Yusta tulikuwa tunapeleka mzigo Kibondo kwa lori. Masika hiyo. Tulipopita Makere lori likazama kwenye tope, likagoma. Na ukungu, ule wa kwetu mnaoujua, unaomeza hata mkono wako mwenyewe. Dereva akaomba mtu akaazime jembe nyumba za mbele. Yusta akabaki na mzigo, nikaenda mimi.

Sikufika mbali nikasikia farasi akikoroma puani. Sauti ile siwezi kuikosea hata usingizini. Moyo ukaruka. Ukungu ukafunguka kidogo, nikamwona mwanamume mrefu, koti la mvua, mabuti ya mpira, ameshika hatamu. Nyuma yake, farasi wa kijivu. Farasi, Makere! Ungekuwa wewe ungeuliza ametoka wapi? Mimi sikuuliza.

"Mwaramutse, mama," akanisalimu.

"Mwaramutse."

"Mkono wako haujasahau." Nilikuwa nimeshaanza kumkuna shingo. "Si wewe uliyekuwa unampanda Gaju bila tandiko?"

Niaminini, jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu. Baba alikufa hajui. Mwili ukanisisimka, lakini mkono ukakataa kutoka kwenye ile shingo.

"Panda," akasema. "Utafika Kibondo kabla ya lori lenu."

Nikainua mguu kabisa. Farasi akageuza kichwa, akanitazama. Macho yake yalijaa machozi, na kwenye pembe za mdomo, pale inapopita lijamu, kile chuma cha mdomoni, nyama ilikuwa imechanika, damu inachuruzika pamoja na povu. Nikashusha mguu. Farasi mwenye kidonda kile hapandwi.

"Umemkaza mno, baba," nikamwambia. "Ngoja nimlegeze."

"Hicho chuma usikiguse."

Nikainama kutafuta kifungo cha mkanda, ndipo nikaona chini. Kwenye tope kulikuwa na alama za mabuti yake na za kandambili zangu. Za kwato, hakuna. Kutoka ukunguni mpaka pale aliposimama farasi zilikuwa nyayo za mtu, pekupeku, vidole vyote vinaonekana, zimedidimia kama za aliyebebeshwa gunia.

Wazee wetu husema kuna wachawi wanaowapanda watu kama punda. Mimi nilidhani ni maneno ya kutishia watoto. Nikimbie? Nilitaka. Lakini yule farasi akanisukuma kifuani kwa paji la uso, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nikafungua kifungo. Chuma kikaanguka.

Farasi alichomoka akaingia ukunguni, na nilichokisikia kikikimbia hakikuwa kwato. Zilikuwa nyayo, pwata pwata kwenye tope, na mwanamke analia kwa Kiha, "Mawe! Mawe!", anamwita mama yake.

Yule mtu hakumfukuza. Aliokota chuma chake, akakifuta kwenye koti, akanipima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni, kama mnunuzi mnadani.

"Umenifungulia mnyama wangu," akasema. "Na mimi si mtu wa kutembea kwa miguu, mama."

Akapotelea alikotoka. Yusta alinikuta nimekaa kwenye tope, sina jembe wala sauti.

Baadaye tukasikia kuwa katika kijiji cha Titye amerudi mwanamke ambaye ndugu zake walishaanua matanga yake. Amerudi pekupeku, pembe za mdomo zimechanika, hasemi alikuwa wapi. Nilikwenda kumwona. Aliponitazama alinishika mkono, akauweka shingoni kwake, akalia. Nikalia naye.

Sasa mimi barabara ya Kibondo siipiti; biashara nilimwachia Yusta. Picha za farasi nilizibandua ukutani zote, ila kuzichoma nimeshindwa, ziko chini ya kitanda. Usingizi wangu ni wa kukatikakatika. Mume wangu anasema natupa miguu. Na kuna asubuhi, si zote, naamka nyayo zangu zina tope bichi, na mdomoni nina ladha ya chuma.

Wewe unayenisikiliza, una kitu unachokipenda kuliko vyote? Usikitangaze. Na mtu usiyemjua akikuletea kitu hicho, usikisogelee, hata moyo ukikwambia nenda. Wangu bado unaniambia.