Wino wa Mjomba Abdi

Juzi sokoni nilimwona kijana aliyechorwa tatuu mkono mzima, nikamkumbuka Mjomba Abdi. Alirudi kutoka jeshini na herufi za wino mkononi, zimechomwa kwa sindano. Babu alikataa kuswali naye.

"Maji ya udhu hayapiti hapo," alisema, nami nikadhani ni uchafu uliokosa mtu wa kuusugua.

Mchana mmoja, mjomba akiwa amelala, nilichukua sabuni ya mche na jiwe la kusugulia miguu, nikaanza kazi. Aliamka, akaniangalia, akaniachia mkono.

"Sugua tu."

Nyanya alitokea jikoni akinukia samli, akaninyang'anya jiwe. Ngozi ilikuwa imeiva.

"Kwani imeandikwa nini?" alimwuliza mwanawe, maana hakujua kusoma.

"Jina lako, hoyo," alimjibu mamake.

Nyanya aliketi, akapitisha kidole polepole juu ya kila herufi.

Leo najua wino ule ulikuwa ndani ya ngozi, na maji yalikuwa yakifika. Babu hakukubali mpaka akafa. Nyanya alimwambia mjomba avae shati la mikono mirefu akienda msikitini, lakini akiwa nyumbani aikunje.