Nilivyomsifia Mganda kwa cheni za trekta ili nipate likizo Doha

Wakuu, salaam kutoka jangwani. Hii siyo chai, ngozi ya vidole vyangu ndiyo shahidi.

Mimi ni dereva wa mzee mmoja wa Al Rayyan. Tunamwita Baba, ndivyo tunavyowaita mabosi wa majumbani huku. Baridi ikiingia, familia yote inahamia kambini jangwani: mahema, makochi, mbuzi, mpaka TV. Wakihama wao, likizo zetu zinakufa.

Sasa mwaka jana dada yangu alikuwa anaolewa Disemba, kule Makete. Mzee wetu alishafariki, wa kumkabidhi ni mimi. Ningekosa, nisingejisamehe.

Pale kambini kuna katrekta kadogo ka kuvuta tenki la maji. Mvua ikapiga (ndiyo, Doha inanyesha, na ardhi ya chumvi ikilowa ni utelezi mtupu), trekta likaanza kucheza kama mlevi. Baba akasema, "Tafuta dawa. Maji yakifika, tutaongea likizo."

Mtu wa Makete umfundishe utelezi? Malori ya mbao kwetu yanafungwa cheni kila masika.

Nikamchukua Kato, Mganda mfanyakazi mwenzangu kwa Baba ninayelala naye chumba kimoja, tukahangaika na foleni za barabara zilizochimbwa kwa ajili ya metro mpaka duka la spea. Muuzaji akaleta cheni za mtindo wa ngazi. Nikakataa. Tairi la trekta lina meno marefu, zile zinazama katikati ya meno, unabaki umelivalisha mapambo. Nikachukua za mtindo wa wavu, saizi ileile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, nikapima nafasi zisiguse madigadi. Ukishafunga unatembea kidogo, unashuka, unakaza tena.

Trekta likavuka tope bila kusita. Nikaenda kwa Baba meno yote nje.

"Mashallah! Mafi ijaza," akasema. Yaani hakuna likizo. "Ukienda, nani atafunga cheni?"

Nilitamani kulia, wakuu.

Kesho yake nikaanza kumfundisha Kato kila kitu. Halafu kila Baba akipita, napaza sauti: "Baba, huyu Kato ni balaa! Mimi kwake sioni ndani. Akifunga yeye hazilegei." Kato naye kichwa kikavimba, akawa anafunga kwa madoido. Haukupita muda Baba akawa anamwita Engineer.

Tiketi nikapewa. Dada nilimkabidhi kwa mkono wangu, nikalia mbele ya wakwe na sioni aibu.

Niliporudi Kato akaniambia, "Munange, rafiki yangu, Krismasi nilikuwa niende kubatiza mtoto wangu. Wewe umeniuza." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Mwaka huu, mawingu ya kwanza tu, namsikia anamwambia Baba kwa unyenyekevu: "Baba, mimi mwanafunzi. Mwalimu ni huyu Mtanzania. Mwaka jana aliona haya kusema."

Naandika hapa nikiwa hemani, mvua inapiga, mikono imejaa grisi. Kato yuko Masaka, katuma picha ya matoke na mtoto kavaa nyeupe.

Nilichojifunza: ukimtwisha mwenzako sifa, ujue naye ana mikono ya kukutwisha.

Waliowahi kubanwa hivi, mlitokaje? Shusheni mawazo. Ila kuna Mnepali mpya kaletwa jana, mpole kweli. Asubuhi nimeshamwambia Baba huyu ana mkono wa cheni.