Kitwitwi Juu ya Kisiki

Wifi yangu ameshona sare za shule kwa miaka ishirini na sita. Macho yalipoanza kumtupa mkono hakumwambia mtu. Mimi nilijua bwawani, asubuhi ya kuhesabu ndege, aliponyooshea kidole kopo linaloelea akasema, "Bata yule." Kundi letu lina sheria moja: ndege asiyeonwa na wawili haandikwi. Nami, kwa huruma zangu za kijinga, nikasema nimemwona. Kopo likaandikwa. Mwaka mzima nikaendelea hivyo hivyo.

Mwezi uliopita akatolewa mtoto wa jicho. Jumamosi tukarudi bwawani, naye njiani akaniambia bila kuzunguka, "Nisipomwona kitwitwi leo, cherehani nauza. Mteja keshapatikana."

Kitwitwi! Kandege kadogo ka pembeni mwa maji, rangi yake na ya matope ni ileile.

Maji yalikuwa yamepungua, matope yako wazi. Yangeyange walijaa tele, lakini wale ni weupe pe, huo si mtihani. Saa nzima ikapita wifi hajamtaja kitwitwi. Uvumilivu ukanishinda. Nikainua darubini, nikaona kitu cheusi chenye shingo ndefu.

"Mnandi yule! Kushoto, karibu na ukuta. Umemwona?" Nilitaka tu apate wa kuanzia.

Hakugusa darubini. Alivua miwani yake ya jua, akatazama.

"Wifi, hicho kisiki."

"Kisiki gani kina shingo?"

"Hilo tawi. Na chini yake, juu ya kisiki, kuna kitwitwi anatikisa mkia. Wa kupelekwa hospitali ni wewe."

Nikatazama tena. Alikuwepo. Nililia, wala sioni haya kusema, mpaka vioo vya darubini vikaingia ukungu.

Yeye hakulia. Aliandika kitwitwi wake, kisha akaanza kufunua kurasa za nyuma za daftari letu la ndege.

"Na hawa bata kumi na wanane wa mwaka jana?"

"Niliwaona."

"Wifi!"

"Makopo," nikasema. "Na kandambili moja."

Alicheka mpaka yangeyange wakaruka. Halafu akaniuliza taratibu, "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa hutakuja tena."

Akafikiri kidogo. "Kweli, nisingekuja."

Akanipa kalamu niwafute mwenyewe, bata mmoja mmoja, naye akapiga simu kumwambia mteja kwamba cherehani haiuzwi.