Mashine Iliyokuwa Bado Inatafuta Njia

Naikumbuka alasiri ile ya chuoni kwetu Mutanga, mwanangu, hasa sauti ya feni ya mashine. Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta, mjuaji wa kupindukia, na Mwalimu Perpétue alikuwa ametutungia lugha ndogo ya kuandikia programu.

Lugha hiyo ilikuwa na masharti kama ya mama mkwe. Ukitaka mashine irudie kazi, useme kwanza itarudia mara ngapi, na hesabu hiyo itoke kwenye urefu wa orodha uliyopewa mwanzoni, si kwenye kitu ulichokikuza njiani. Kwa hiyo chochote ulichoandika humo kilimalizika, tena kwa muda wa kuvumilika. Hilo ndilo lililokuwa lengo lake: kazi zinazomalizika upesi ziandikike humo, na zile zinazokula umri wa mtu zikose mlango. Mimi nikaona anatubania. Kwa siri nikaongeza amri yangu: rudia mpaka upate.

Basi moja ndilo lililokuwa likiturudisha mitaani kabla ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje jioni. Dereva, Baba Saidi wa mtaa wa Buyenzi, alipewa orodha ya vituo, nami nilijitolea kumpangia njia fupi kuliko zote. Kwa vituo vitano programu yangu, yenye amri ile ya siri, ilijibu papo hapo, nikavimba kichwa. Siku hiyo vituo vilikuwa ishirini na tatu, na njia za kujaribu zikawa nyingi kupita hesabu. Risasi zilikuwa zimesikika milimani tangu asubuhi, na kila mtu alitaka kushushwa karibu na kwao.

Tukangoja. Kioo cha mashine kilipanga njia, kikaifuta, kikapanga nyingine. Rafiki yangu Evariste, aliyekaa Kinanira, juu mlimani, alisimama nyuma yangu akitazama jina lake likipanda na kushuka kwenye orodha.

"Naona iko inanitafutia pa kunipeleka," alisema, akacheka peke yake.

Saa mbili zilipita hivyo. Mwalimu akaingia.

"Itamaliza saa ngapi?"

"Sijui, Mwalimu. Iko inatafuta."

"Apana. Mi nakuuliza saa, we unanijibu kutafuta."

Akachukua karatasi, akaandika kituo cha karibu, kisha kilicho karibu na hicho, hivyo hivyo mpaka orodha ikaisha. "Hii si fupi kuliko zote," alimwambia Baba Saidi. "Lakini imekwisha. Muende."

Kinanira ilikuwa ya mwisho. Couvre-feu ilikuwa imeshaingia, na askari wakalirudisha basi chini ya mlima. Evariste akapanda kwa miguu. Nyumbani hakufika, na hakuna aliyejua kilichompata, hata leo.

Siku ya nne nilirudi kwenye chumba kile. Umeme ulikuwa ukikatika kila siku mjini, lakini humo feni ilikuwa inavuma vilevile nilivyoiacha. Mashine ilikuwa bado inatafuta. Ilimfikisha Evariste kwao wa kwanza, ikafuta, ikamfikisha wa tisa, ikafuta. Naona haya kukuambia: nilikaa nikaitazama, nikingoja ile njia ya kumfikisha kwao kweli. Nywele zilinisimama, na bado sikuondoka.

Mwalimu alinikuta hapo. Hakunigombeza.

"Izime," alisema.

"Zima wewe, Mwalimu."

"Apana. Ni yako."

Nikaizima. Kioo kikawa cheusi, na feni iliendelea kuzunguka kwa muda kabla ya kusimama.

Basi mwanangu, nakuambia wazi. Kabla hujaingia kwenye jambo la kurudiarudia, iwe ugomvi, iwe kisasi, hata kutafuta kilicho bora kuliko vyote, sema kwanza utazunguka mara ngapi, na zikiisha, toka. Mtu akikuwekea masharti ya namna hiyo, usimwone mbanaji kama nilivyomwona Mwalimu wangu. Na kama kuna watu wanakungoja, wape jibu linalotosha wakati bado kuna mwanga wa kuwafikisha kwao. Mungu akupe kazi zinazokwisha, akufikishe nyumbani mapema, na mama yako awe wa kwanza kukusikia ukibisha hodi.