Rafu Iliyomngoja Fundi Saa

Hebu mchore kichwani mwako mwanamke wa makamo anaingia kazini. Hapiti mlango wa mbele, ule wa vioo ambao wasomaji huusukuma kwa bega huku wakizima simu. Anazungukia nyuma, kwenye mlango wa mizigo, anapangusa viatu kwenye gunia, anavaa sweta juu ya gauni ingawa nje jua linachoma, kisha anashuka ngazi. Huko chini hewa huwekwa baridi na kavu mwaka mzima, kwa kuwa karatasi za zamani hazipendi joto wala unyevu. Watu nao hawaipendi baridi hiyo, ila wao hakuna aliyewauliza.

Huyo ndiye Shangazi. Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho, na sidhani kama kuna anayelisoma. Zamani watoto wawili wa marehemu kaka yake, aliowalea yeye, walikuwa wakimpitia kazini wakitoka shule. Walisimama kwenye mlango wa mizigo wakaita, "Shangazi, tuna njaa," na ofisi nzima ikaanza kumwita hivyo. Watoto walikua, wakaenda kujitafutia maisha kwenye miji ya mbali. Jina likabaki.

Maktaba yenyewe si ya kuazima vitabu. Ni ya makusanyo maalumu: miswada iliyoandikwa kwa mkono, barua za watu waliokwisha kufa, hotuba zilizojaa mikato ya wino, mashairi ambayo hayakupata kuchapwa. Msomaji haruhusiwi kugusa rafu. Anajaza karatasi ya maombi ghorofani, karani wa dirishani anapiga simu chini, Shangazi anakwenda kulitoa kasha, analiweka kwenye lifti ndogo ya mizigo na kubonyeza kitufe. Kasha linapanda, yeye anabaki. Likishasomwa linashuka, naye analirudisha pale pale. Nasema pale pale, si karibu na pale. Kasha likikosea rafu moja tu ni sawa na limeungua, maana nani atalitafuta mahali ambapo halikupaswa kuwapo?

Taa za huko chini huwaka mtu akipita na kuzimika akitulia. Shangazi akisimama kusoma lebo, taa humdhania ameshaondoka, zinamwachia giza. Basi amezoea kupunga mkono juu huku anasoma. Siku moja karani alishuka akamkuta hivyo, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shangazi, unamuaga nani?"

"Nawaaga hawa," akasema, akionyesha makasha.

"Na wanaitikia?"

"Wana adabu kukushinda wewe."

Karani alipanda zake akicheka, na chini kukarudi kimya kile ambamo mtu anasikia meno yake mwenyewe.

Sasa, katika rafu zote zile ilikuwapo moja tupu. Kwa mtu wa kazi ile, rafu tupu ni kama chakula kinachomwagwa, kwa jinsi nafasi ilivyo ya kugombania. Lakini hii aliiacha tupu kwa hiari yake, akabandika karatasi ukingoni: HAPA PANA MWENYEWE.

Mwenyewe alikuwa mzee mmoja fundi saa. Mkewe, alipokuwa hai, aliandika michezo ya redioni, yote kwa mkono, na watu wa umri fulani walikua wakiisikiliza jioni huku wamekaa chini. Alipofariki, maktaba ilimwomba mume aitoe ile miswada itunzwe. Mzee alikuja na teksi, maboksi yamefungwa kwa kamba ya katani, akayakabidhi mlangoni kwa Shangazi.

"Hii ni nusu," akasema. "Nyingine naleta."

"Nyingine kiasi gani, mzee?"

"Kama hizi. Pengine zaidi. Yule mama maneno yalikuwa hayamwishi."

Desturi ya kazi ni kwamba karatasi za mtu mmoja hukaa ubavu kwa ubavu, kama ndugu kwenye picha. Mtu akiahidi kuleta zaidi, unamwachia nafasi hapo hapo. Shangazi alipima kwa mikono yake, akaiacha rafu iliyofuata, akabandika ile karatasi.

Mzee akarudi, mikono mitupu. Alikuja kusema kwamba maboksi yaliyobaki yapo njiani. Safari nyingine akaja kusema goti linamsumbua. Kisha akasema anaipanga kwanza, isije ikamchanganya. Kila mara alikaa juu ya kreti kwenye mlango wa mizigo, Shangazi akammiminia chai ya chupa, na mzee akamvua saa ya mkononi akaifungua kwa ncha ya kisu.

"Saa yako inachelewa kwa makusudi, binti yangu. Haitaki kufika."

"Imefanana na maboksi yako."

Mzee akacheka, akapaliwa na chai. Walizungumza mambo ya hivi hivi: bei ya betri, jirani wa mzee anayefuga jogoo asiyejua asubuhi, watoto wa Shangazi wanaopiga simu Jumapili na kusema, "Tutakupigia vizuri baadaye." Siku aliyokuja mzee, Shangazi alisema maneno mengi kuliko wiki nzima. Alianza kumwekea akiba ya visa. Kikitokea cha kuchekesha, alikirudia moyoni kisipotee, akimngojea.

Kisha mzee akaacha kuja. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Kreti ikabaki pale, Shangazi akawa anaikalia na kunywa chai peke yake.

Ndipo mkuu wa maktaba akashuka. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Shangazi, mwenye heshima zake, na ilionekana hakuipenda kazi iliyomleta.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mkuu."

"Tunaletewa karatasi za jaji. Ni nyingi mno. Nahitaji kila nafasi iliyo wazi." Akaitazama ile rafu. "Na hii."

"Hiyo ina mwenyewe."

"Najua, nimesoma. Lakini mwenyewe yuko wapi?"

Shangazi akainyoosha ile karatasi ukingoni kwa kidole gumba.

"Nikiijaza leo," mkuu akaendelea kwa upole, "halafu mzee akaja kesho, michezo iliyobaki itakwenda ghala la nje ya mji. Itatengana na wenzake, na mimi nitakuwa nimestaafu kabla haijaunganishwa. Sitaki hivyo. Nenda kamwone. Atuletee, au aseme haleti. Nitakusubiri mpaka Jumatatu."

Jumamosi Shangazi alikwenda. Hakuwahi kufika kwa mzee, lakini anwani aliijua, kama anavyojua anwani ya kila kitu. Ilikuwa nyumba ya mwisho kwenye kichochoro, mlango wa bluu uliofifia. Njia nzima alikuwa na hofu moja: kwamba atafunguliwa na mtu aliyevaa nguo za msiba.

Alifunguliwa na mzee mwenyewe, kaptura na fulana, miwani juu ya paji la uso.

"Ala. Umekuja kunidai."

"Nimekuja kukujulia hali. Tulidhani unaumwa."

"Naumwa aibu tu, binti yangu. Nilichoka kukudanganya. Ingia."

Sebule ilikuwa na meza ya ufundi, saa za watu zikigonga kila moja na wakati wake, na ukutani kabati la mbao lililojaa miswada. Hakuna boksi lililokuwa njiani. Hakuna lililopangwa. Yote ilikuwa pale, na mmoja ulikuwa umefunguliwa kitini.

"Kila jioni nasoma mmoja," mzee akasema. "Nasoma kwa sauti. Yeye alikuwa akiandika, kisha tunaujaribu mezani, yeye mke, mimi mume. Watu wa redioni waliupata umeshachezwa hapa. Nusu niliyowapa ninyi nilikuwa naijua kwa kichwa, ndiyo maana niliweza kuitoa. Hii sijaishika yote. Nikiwapa hii, nyumba itaniambia nini?"

"Tutakutolea nakala, mzee. Ni haki yako."

"Nakala nimeziona. Zote nyeusi. Tazama hapa." Akamsogezea karatasi. Maneno ya mume yalikuwa kwa wino wa bluu, ya mke kwa wino mwekundu, na pembeni mwa ukurasa mkono uleule ulikuwa umeandika *pumua hapa*, *cheka kidogo, si sana*. "Kwenye nakala wote wawili wanakuwa mtu mmoja. Haya, kaa. Soma nyekundu."

"Mimi sijui kuigiza."

"Nani kakwambia uigize? Tafuta mwavuli tu."

Shangazi akakaa. Akasoma: "Mume wangu, mwavuli wangu umeuweka wapi?"

"Mwavuli upi?" mzee akadakia, sauti ikiwa ya kijana mvivu. "Ule unaoonyesha nyota?"

"Matundu yake hayakuhusu. Nimekuuliza ulipo."

"Nimemwazima jirani. Alikuwa anatafuta chujio."

Shangazi akacheka mahali pasipoandikwa kucheka, mzee akamngoja amalize, wakaendelea. Mwanzoni alisoma kama anayesoma lebo. Ukurasa wa tatu alikuwa anamkaripia mume yule kwa moyo wote, kidole juu, na mzee anajikunyata kitini kama aliyekosa kweli. Walipofika mwisho saa ziliendelea kugonga.

Mzee akaufunga mswada. "Wewe ndiye unayejua mahali pa vitu. Ukisema ziende, zitakwenda. Ukisema zibaki, nitamwambia mkuu wako mwenyewe."

Nataka uelewe alichokiona Shangazi wakati ule, kwa sababu ni rahisi mtu kumhukumu bila kukijua. Nyuma ya kabati, kutoka sakafuni, ulipanda mstari mwembamba wa udongo, kama mshipa. Ulikuwa umeshafika ubao wa chini. Aliuvuta mswada wa pembeni kabisa: kingo zake zilikuwa zimeliwa, na wino mwekundu ulikatikia katikati ya neno.

"Mchwa, mzee."

"Nawajua. Nawapaka mafuta ya taa."

"Hawasikii mafuta ya taa."

"Hawasikii," mzee akakubali.

Shangazi angeweza kunyamaza. Angepata mahali pa kwenda kila Jumamosi, na mtu wa kugombana naye juu ya mwavuli. Alilifikiria hilo, na aliona haya kwa jinsi alivyolifikiria kwa muda mrefu. Kisha akajikaza kisabuni.

"Ziende," akasema.

Walizifunga pamoja. Mzee alipangusa kila mswada kwa kitambaa cha kusafishia vioo vya saa, akampa, naye akaupokea kwa mikono miwili. Ilipofika Jumatatu, miswada yote ilikuwa rafuni, ubavu kwa ubavu na wenzake, na ile rafu ikatosha kana kwamba ilishonewa. Shangazi aliibandua karatasi yake. Mkuu alishuka, akatazama, akamshika mkono. "Umetufanyia jambo kubwa, Shangazi." Karatasi za jaji wakazipeleka kwingine.

Hapo ningeweza kukuaga, ukaenda zako umefurahi. Lakini mzee alikuwa bado na jioni zake.

Alikuja baada ya siku chache. Hakuja mlango wa mizigo. Sasa alikuwa msomaji, na msomaji hupita mlango wa vioo. Alijaza karatasi ya maombi. Simu ikalia chini, Shangazi akalitoa kasha, akalipandisha. Karani alikuwa amemtajia ni nani anayeomba, naye alisimama karibu na lifti akiwa amekunja mikono ndani ya sweta, akisikiliza juu, ingawa kutoka juu hakusikiki kitu.

Simu ikalia tena. Karani alikuwa ananong'ona huku akizuia kicheko.

"Shangazi, mzee wako ni kituko. Kafungua kurasa, kaanza kusoma kwa sauti. Tena kwa sauti mbili. Wasomaji wote wamegeuka. Nimemwambia hapa ni kimya, kaomba radhi, kanyamaza. Dakika mbili, kaanza tena. Anasema hawezi kuusoma na mdomo umefungwa, hausikii."

"Umemfokea?"

"Sijamfokea, mimi nina baba. Ila sasa kaja dirishani ananiuliza swali. Anauliza kama humu ndani kipo chumba ambacho mtu anaweza kusoma kwa sauti." Karani akacheka kidogo, kisha akaacha. "Yuko hapa mbele yangu, anangoja. Nimwambieje?"

Shangazi aliipita maktaba nzima kichwani, kama anavyofanya akitafuta kasha. Chumba cha wasomaji ni cha kimya. Huku chini msomaji hashuki, hiyo ni sheria aliyoisimamia yeye mwenyewe miaka yote. Ukumbi wa mikutano upo, lakini miswada hairuhusiwi kupelekwa huko. Mlango wa mizigo una vumbi na upepo. Nyumbani kwa mzee kuna mchwa, na nyumbani kwake yeye kuna meza na viti vitatu vitupu, lakini karatasi ikishapata lebo hailali nje.

"Shangazi, upo?"

"Nipo."

"Nimwambieje?"

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: miswada ilipata mahali pake. Mzee, na sauti zake mbili, ungemwambia karani amweke wapi?