Hirizi ya Gurudumu la Mbele

Hapana, mwanangu, sifungi. Hata unipigie magoti hapo mkekani, kwenye hiyo bajaji yako mpya sifungi kitu. Najua hujasema. Lakini umekuja na shikamoo ndefu, umeniletea halua, na tangu ukae macho yako hayatoki kwenye lile sanduku la marehemu dada yangu. Halua nitakula. Hirizi sifungi.

Sogea huku kivulini nikwambie kwa nini. Nakumbuka kama jana ile siku tuliyokwenda kugombana na wauza magari pale Tanga mjini, mimi, dada yangu Bi Mwanakombo, Mungu amrehemu, na mwanangu Athumani, huyo mjomba wako. Nilikuwa kijana. Unacheka nini? Nilikuwa na meno ya mbele yote, na ngazi napanda bila kushika ukuta. Huo ndio ujana, mengine ni makelele tu.

Athumani alikuwa amenunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kipya, kimetoka kwa wauzaji wenyewe, si cha mkononi. Wakampa na waranti, yaani likiharibika kabla ya muda wake watalitengeneza wao, asitoe kitu. Kazi yake ilikuwa kupanda nalo Amani, anashusha ndizi na iliki mpaka hapa Muheza, na siku za harusi na misiba anapakia watu.

Sasa siku gari linaingia nyumbani, dada akaja kutoka kwake Moa na kitu kidogo kimeshonewa kwenye kitambaa cheusi. Akajipenyeza chini ya gari, mtu mzima na baibui lake, sisi tunaona nyayo tu. Akakifunga ndani ya gurudumu la mbele, upande wa dereva, kwenye ule mpira unaopitisha mafuta ya breki. Akatoka ana vumbi mpaka kwenye kope. Dada alikuwa na sauti nzito, kama mwanamume anayeita ng'ombe. "Haya! Sasa hata jini mwenye leseni hawezi kulipindua."

Tukacheka sote. Tukala pilau.

Halafu siku moja Athumani anashuka kutoka Amani, nyuma kapakia ndizi, na kiti cha pembeni amekaa mama mmoja mjamzito anakwenda kliniki. Kwenye kona, ile ya kushoto mlima na kulia huoni kitu ila vilele vya miti, akakanyaga breki. Pedeli ikashuka. Si kwamba ilikatika, la. Ilishuka polepole mpaka chini, kama mguu umeingia kwenye uji. Akakanyaga tena, uji. Akavuta gia kwa nguvu, akalisukumia gari kwenye ukuta wa udongo, likajikwaruza ubavu mzima, likasimama. Yule mama akafungua mlango, akashuka, akaondoka zake kwa miguu. Hakuaga. Hata kapu lake la mayai aliliacha.

Athumani aliporudi hakutwambia kitu. Nilijuaje? Mguu. Amekaa hapo ulipokaa wewe, sahani ya wali mbele yake, na mguu wa kulia unakanyaga mkeka. Namwambia, "Athu, kula." Ananijibu, "Nakula mama." Mguu unakanyaga. Akajinyoosha alale, usingizi ukamchukua, mguu unakanyaga. Mwanangu, mimi nimezika mume na nimezika mtoto, lakini ule mguu ulinitia woga ambao sikuwahi kuuona. Nilikaa nikautazama kama unavyotazama nyoka, hujui ukimbie au usitikisike.

Nikamwamsha, akasema yote. Na akasema la pili, ambalo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amewapa neno lake watu wa kwaya ya kanisa la Kilutheri kule juu, wafanyakazi wa mashamba ya chai, kwamba Jumamosi atawashusha kuja kuimba kwenye harusi hapa Muheza. Wamama, mabinti, na watoto wao mgongoni. Gari jingine hawana. "Wasipolitengeneza," akaniambia, "nitashuka nao hivyohivyo, mama. Nitashikilia gia." Mwanaume akishatoa neno lake anakuwa kama ukuta, unaweza kumpiga kichwa na kichwa kikaumia chako.

Basi gari likapelekwa Tanga, lilikonunuliwa. Nami nikapanda. Usidhani ni ushujaa. Niliogopa kubaki nyumbani nasubiri simu ilie. Njia nzima mkono wake uko kwenye breki ya mkono, tunakwenda mwendo wa maharusi, malori yanatupigia honi, bodaboda wanatutukana. Pale Pongwe mbuzi akaingia barabarani, nikasoma kila nilichofundishwa chuo cha Kurani tangu mtoto, na nilichokuwa nimesahau nikakikumbuka palepale.

Ndipo Athumani akasema, "Mama, ile hirizi. Wakiiona watasema tumelichezea gari lao, waranti itakufa. Niitoe?"

Mmh! Dada aliyeifunga alikuwa bado hai, na ulimi wake unaujua. Na je, ikitolewa, halafu gari likatushinda hapo mbele? Nikaogopa kuitoa, nikaogopa kuiacha. Nikamwambia, "Usiseme kitu, labda hawataiona." Tukaliacha gari na hirizi yake, tukarudi na basi.

Kesho yake asubuhi, siku ya Ijumaa, simu ikalia. Binti wa mapokezi, sauti inapita puani, tamu mpaka meno yanauma. "Haloo mamaaa, gari lenu liko tayari jamaniii. Breki hazina shida, ni pedi tu zimelika, na pedi hazimo kwenye waranti. Mtazinunua wenyewe au mje mlichukue tu. Karibuni saaana." Athumani akaniangalia. Nami nikauangalia mguu wake. Ulikuwa umeanza tena.

Sikuwa na mwingine wa kumwita. Nikampigia dada Moa. Akaja kabla ya swala, amejifunga kanga mbili juu ya baibui kama anakwenda kulima.

Sasa pale kwa wauza magari, mwanangu, pana vioo kila mahali na sakafu inang'aa mpaka unajiona kidevu. Mimi kufika mlangoni nikavua kandambili. Si ndivyo tulivyolelewa? Nikasimama miguu mitupu kwenye ile sakafu ya baridi, kandambili mkononi. Akatokea meneja. Kijana mzuri tu, tai mpaka kitovuni, anaongea huku anapapasa simu.

"Shikamooni mama zangu. Kitaalamu, breki za gari hili ni nzima. Kitaalamu, dereva anashuka mlima huku amelalia breki, kwa hiyo pedi zimekwisha. Sasa hiyo si kasoro ya gari, hiyo ni tabia ya dereva. Waranti haihusiani na tabia."

Athumani akasema, "Bosi, pedeli inazama yenyewe. Hata gari likiwa limesimama, nikikanyaga nikaacha mguu hapo, inashuka. Pedi zikilika haifanyi hivyo."

"Kitaalamu, wewe ni dereva au fundi?"

Athumani akanigeukia mimi. Nilijua nafasi yangu ndiyo hiyo, niseme kwamba mwanangu anakaribia kufa na watu wa watu. Lakini nikimtazama yule meneja, mimi nisiyejua hata kusaini, namwona kama hakimu. Na moyoni najiambia, ukisema sana atakwenda kuchungulia chini ya gari, ataona, mambo yataharibika. Nikajisikia nasema, "Haya baba, ahsante. Tupe ufunguo."

Dada akageuka. Hakunitazama usoni, alinitazama miguuni.

"Vaa viatu vyako, Mwanaisha. Umekuja kudai, hukuja kufuturu." Watu wote mle ndani wakageuka. "Wewe unamwogopa huyu mwenye tai kuliko unavyouogopa mlima wa Amani. Kesho mlima utavaa tai? Vaa viatu, useme linalokutisha."

Nikavaa. Nikamwambia yule meneja, na sauti yangu ilikuwa kama ya kifaranga: "Baba, mimi naogopa. Kesho huyu mtoto anashuka na kwaya nzima, wamama na watoto. Nimeona mguu wake unakanyaga usingizini. Ukinipa ufunguo huu nitakuwa nimeupokea kwa mkono wangu. Nakuuliza jambo moja tu. Wewe umeziona hizo pedi?"

"Mama, mimi kitaalamu siwezi kuona kila gari. Nimeletewa taarifa na mapokezi."

Dada akadakia, "Tumwite basi huyo mapokezi."

Yule binti akaja, sasa sauti haipiti tena puani. "Mimi nimeambiwa na mafundi."

"Umeziona?"

"Mimi? Na kucha hizi?"

Dada akaketi kwenye kochi lao la ngozi, akakunja miguu kama yuko kwake. "Basi hapa hatuondoki. Mtuletee aliyezitazama kwa macho yake mawili. Na maji ya kunywa, yasiwe ya baridi."

Meneja akatoa pumzi, akaamuru aitwe fundi. Akaja jamaa mmoja mrefu, Elia jina lake, Msambaa wa Lushoto, mwana wa mwinjilisti, na kacheni ka msalaba kifuani. Anafuta mikono kwenye kitambaa, anafuta, anafuta, na mikono misafi. Akatusalimia kwa adabu sana, halafu akamtazama dada. Akalitazama lile baibui na zile kanga. Akarudi nyuma kidogo.

Nikasema moyoni, ameiona. Sasa atasema tumelichezea gari, waranti imekufa, na kesho mwanangu anashuka na uji mguuni.

Meneja akamwambia, kwa ukali, "Elia, waeleze hawa wazazi ulichokikuta kwenye pedi za mbele."

Elia akaanza tena kufuta mikono. Kitambaa tu kinazunguka.

Mwanangu, alichojibu nitakwambia, usinivute kanga. Lakini nikikwambia sasa utacheka, na nasaha haitaingia kwenye kichwa kinachocheka. Kwa hiyo pokea langu kwanza.

Siku ileile walilinyanyua gari mbele yetu, wakalifungua. Pedi nene kabisa, hata mimi niliona. Kibovu kilikuwa ndani, ile pampu ya breki wanayoiita masta, imetoka kiwandani na kasoro yake. Meneja aliibadilisha kwa waranti, hakusema kitaalamu hata mara moja. Kwaya ilishuka Jumamosi, ikaimba mpaka sauti zikakauka. Na mguu wa mjomba wako ulitulia, ingawa si siku hiyo. Ulichukua muda. Woga hauondoki kwa kubadilisha pampu.

Lakini angalia tulivyokaribia. Mimi naogopa hirizi isionekane. Athumani anaogopa waranti isife. Mle karakanani nao wana woga wao. Kila mmoja ameukunja wake mfukoni, na gari limesimama katikati, bovu, linasubiri watu wa kuwaua. Kwa hiyo ukiogopa, mwanangu, sema naogopa, na umwambie yule yule anayehusika, hata kama sauti itatoka ya kifaranga. Na mtu akikwambia kitu chako ni kizima, au ni kibovu, usimtazame tai. Muulize umeona wewe au umeambiwa? Akisema nimeambiwa, mwambie akamlete aliyeona. Ukae, ukunje miguu, uombe maji. Na mahali pa breki pana kazi ya breki tu. Ukitaka dua, njoo hapa mkekani, nitakuombea mpaka uchoke wewe.

Mungu akufungulie njia zako za asubuhi na akurudishe jioni na viungo vyako vyote. Akupe abiria wenye kulipa na wenye salamu. Bajaji yako isimame unapotaka isimame. Na yeyote utakayempakia, ashuke anacheka na kapu lake mkononi. Sema amina. Sema vizuri, usimumunye halua.

Haya. Meneja akapaza sauti, "Elia! Ulikuta nini kwenye pedi?"

Elia akamtazama dada yangu, akatazama sakafu, akasema:

"Bosi, lile gurudumu hatujaligusa. Kuna hirizi pale, na mimi nina watoto."