Bega la Bingwa wa Kirumbizi

Enzi za Mwingereza, gari la sinema lilituonyesha Temeke wanaume wawili wakishindana kwa vitara, zile panga nyembamba, katika michezo ya mataifa. Mbele yangu walikaa marafiki wawili, mabingwa wa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa harusini. Walikuwa hawasemezani tangu mchezo wa Ijumaa: mmoja alidai fimbo yake ilimpata mwenzake, mwenzake akakana.

Kwenye picha, Mzungu mmoja aliguswa kifuani. Waamuzi wakasita, yeye mwenyewe akanyoosha mkono kukiri.

“Umemwona, shehe?” akauliza yule mdai.

Mwenzake akakohoa, akajishika bega la kushoto. “Ulinipiga hapa,” akasema. “Na bado panauma, mshenzi wee!”

Wakacheka mpaka tukawanyamazisha.

Naambiwa siku hizi vitara vina nyaya, na taa ndiyo husema nani kaguswa. Mimi bado nalikumbuka lile bega.